Ngome Kongwe ya Unguja: kutoka kanisa la Wareno hadi ukumbi wa sanaa

Ngome Kongwe, inayotazamana na Bustani ya Forodhani katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, imesimama mahali palipokuwa na kanisa. Wareno walilijenga kanisa hilo kati ya mwaka 1598 na 1612, na mabaki ya kuta zake yangali yakionekana ndani ya ua mkuu. Katika miaka mia nne iliyofuata, mahali hapo pamekuwa ngome ya vita, gereza, kambi ya askari, bohari ya reli, uwanja wa tenisi na ukumbi wa sanaa.

Vasco da Gama alipita Unguja mwaka 1499, lakini Wareno hawakuwa wengi kisiwani. Nguvu zao katika mwambao zilikuwa Mombasa, walikoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Nahodha Mwingereza James Lancaster, aliyetia nanga Unguja mwaka 1591, aliwakuta na kituo kidogo cha biashara tu. Kanisa lao lilihudumia jamii ndogo ya wageni katikati ya wenyeji Waislamu, na karibu nalo palikuwa na nyumba ya mfanyabiashara.

Enzi ya Wareno ilikwisha Desemba 1698, majeshi ya Imamu Saif bin Sultan wa Oman yalipoiteka Ngome ya Yesu baada ya kuizingira kwa takriban miaka mitatu. Wareno walifukuzwa Unguja pia, na Malkia Fatuma wa Unguja, aliyekuwa upande wao, alipelekwa uhamishoni Oman. Watawala wapya walihitaji kinga dhidi ya Wareno, ambao wangeweza kurudi kwa bahari. Kiwanja cha kanisa kilikuwa ufukweni, tena kilikuwa na kuta zilizokwisha kujengwa. Kuchimba mawe ya matumbawe na kuchoma chokaa ni kazi nzito, hivyo sehemu ya kuta hizo iliachwa na kuunganishwa na jengo jipya. Kufikia mwaka 1701 ngome ilikuwa imesimama: kuta ndefu zenye meno kileleni na minara ya mviringo.

Ilitumika kweli vitani. Karibu mwaka 1754 Wamazrui wa Mombasa, waliokuwa wamekataa utawala wa Oman, waliishambulia Unguja, na ngome ikatumika kuilinda. Kiongozi wao, Ali bin Athman, aliuawa na jamaa yake mwenyewe wakati wa vita hivyo, na shambulio likashindwa.

Katika karne ya 19, Sayyid Said, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja na mji ukakua kwa biashara ya karafuu, pembe za ndovu na watumwa, ngome ikawa gereza na kambi ya askari. Waliohukumiwa kifo waliuawa nje ya ukuta wake wa mashariki. Kuta zilizoinuliwa ili kuzuia maadui zikawa za kuwazuia wafungwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20 ilifika reli. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilijenga njia ya kilomita zipatazo 11 kutoka mjini hadi Bububu, iliyoanza kutumika mwaka 1905, na ngome ikawa bohari ya ujenzi wa njia hiyo. Reli iliacha kubeba abiria katika miaka ya 1920, na baadaye ikafungwa kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1940 jengo lilikarabatiwa, na ua mkuu ukawa uwanja wa tenisi wa klabu ya wanawake. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ngome ilikosa kazi maalumu, ikaanza kuchakaa.

Ukarabati wa miaka ya 1990 ndio uliorudisha watu. Ndani ya ua palijengwa ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia, pamoja na maduka ya kazi za mikono. Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, na tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, yote yameifanya ngome jukwaa lao kuu. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Historia hii inaonyesha kwamba majengo ya kale ya mwambao hudumu yanapokuwa na watu wa kuyatumia na kuyatunza. Chumvi, mvua na mizizi hula chokaa kila mwaka, na umaarufu peke yake hauzuii. Jirani wa ngome, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu Desemba 2020 licha ya kuwa miongoni mwa majengo mashuhuri zaidi ya Zanzibar. Ngome Kongwe imepata kazi inayoifaa. Sasa inastahili pia fedha na mafundi wa chokaa wa kuihudumia kabla ufa haujawa anguko.