Deraya za Ujerumani ya Kale: Jinsi ya Kuitafuta Kweli Yake

Leo twapenda kuzungumza nanyi, wasikilizaji wetu, juu ya jambo ambalo mwanzoni laweza kuonekana kuwa la mchezo tu, walakini ndani yake mna mafunzo kwa kila mtu apendaye habari za kale. Jambo lenyewe ni deraya, yaani mavazi ya chuma waliyovaa Wajerumani vitani katika zama za kati, na jinsi watu wa sasa wanavyoitafuta kweli ya mavazi hayo ili wapate kuyavaa tena.

Katika nchi ya Bavaria, kusini ya Ujerumani, uko mji uitwao Landshut. Mwezi wa Novemba mwaka 1475 palifanywa arusi kubwa mjini humo: Georg, mwana wa mtawala wa nchi ile, alimwoa Hedwig, binti wa mfalme wa Poland. Kaisari Friedrich III mwenyewe alihudhuria, na mabwana wapanda farasi walishindana kwa mikuki. Tangu mwaka 1903 watu wa Landshut wamekuwa wakiiigiza arusi ile barabarani, na siku hizi hufanya hivyo kila baada ya miaka 4. Washiriki wake hupita 2,000. Wanaume huacha nywele zao zikue muda mrefu kabla ya siku yenyewe, kwa kuwa nywele fupi za leo hazipatani na mwaka 1475.

Basi, na tumfikiri kijana aliyepewa kazi ya kuwa askari katika maigizo ya namna hii. Avae nini? Wahenga walisema, nguo ya kuazima haisitiri. Kijana huyu akiazima dirii ya karne moja, na chapeo ya karne nyingine, na kuyachanganya na aliyoyaona katika sinema, hatasitirika mbele ya ajuaye. Na asiyejua atarudi nyumbani na uwongo, akidhani ameiona kweli kwa macho yake.

Na uwongo juu ya deraya ni mwingi. Wengi huamini kwamba mtu aliyevaa chuma mwili mzima alikuwa kama gogo, hawezi kuinuka akianguka, wala kupanda farasi ila kwa kuinuliwa. Katika sinema moja ya Kiingereza ya mwaka 1944, iliyotokana na mchezo wa Shakespeare, watu walionyeshwa wakiinuliwa kwa winchi na kutuliwa juu ya matandiko ya farasi. Lakini deraya kamili ya vita ya karne ya 15 kwa kawaida ilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, na uzito huo haukukaa mahali pamoja, bali uligawanyika mwilini, begani, kiunoni, mikononi na miguuni. Mtu aliyezoea aliweza kulala chini na kuinuka, kukimbia, na kupanda farasi wake mwenyewe. Zilizokuwa nzito sana ni deraya za mchezo wa mikuki, ambazo nyingine zilifika kilo 40 au kupita. Nazo hazikukusudiwa vitani kamwe. Aliyechanganya namna hizi mbili ndiye aliyeuzaa uwongo.

Jambo la kwanza, basi, ni kuuliza: mwaka gani, na mji gani? Maana hapakuwa na deraya moja ya Ujerumani. Karibu na mwaka 1250 askari wa farasi alivaa hasa nguo iliyofumwa kwa maelfu ya pete za chuma. Mnamo mwaka 1350 aliongeza koti ambalo ndani yake mlipigiliwa mabamba ya chuma. Ilipofika mwaka 1475, tajiri aliweza kufunikwa mabamba tangu utosi hata vidole vya miguu, na mafundi wa Augsburg, Nuremberg, Landshut na Innsbruck walikuwa wamepata sifa katika nchi nyingi. Baina ya babu na mjukuu mavazi yaligeuka kabisa.

Baada ya kuuliza hayo, mtafutaji huwaendea mashahidi watatu. Kila mmoja husema kweli, na kila mmoja aweza kudanganya.

Shahidi wa kwanza ni chuma chenyewe kilichosalia. Katika makumbusho ya Vienna imo deraya ambayo fundi Lorenz Helmschmid wa Augsburg alimfanyia mtawala Sigismund wa Tirol mwaka 1484. Ni nyembamba kiunoni, imechorwa mistari kama miali, na kingo zake zimekatwa kama nakshi. Atakayeiona atatamani kuivaa Landshut. Lakini hesabu ni rahisi: ilifuliwa miaka 9 baada ya arusi, tena ni ya mtawala, si ya askari wa kawaida. Hapo ndipo penye hatari. Vitu vya wakubwa vilihifadhiwa kwa sababu ya thamani na heshima yake; chapeo ya askari maskini ilivaliwa hata ikachakaa, ikaliwa na kutu au ikafuliwa kuwa kitu kingine. Tukihesabu vilivyosalia tu, tutadhani Ujerumani nzima ilikuwa ya watawala. Zaidi ya hayo, deraya nyingi zionekanazo kuwa nzima ziliunganishwa baadaye kwa vipande vya watu mbalimbali, na katika karne ya 19 mafundi hodari, kama Ernst Schmidt wa Munich, walifua mifano mizuri ya deraya za kale. Nakala iliyopita mikononi mwa wengi hupoteza historia yake, na mwisho huitwa ya kale.

Shahidi wa pili ni sanamu na picha. Huyu ana faida kubwa, kwani huonyesha jinsi vitu vilivyovaliwa pamoja. Katika kanisa kuu la Magdeburg iko sanamu ya mawe ya Mtakatifu Mauritius, iliyochongwa kati ya mwaka 1240 na 1250 hivi. Mapokeo ya kanisa husema Mauritius alikuwa jemadari wa askari waliotoka Misri, na mchongaji alimfanya Mwafrika mweusi, uso wake wa heshima, amevaa nguo ya pete za chuma hata kichwani, na juu yake koti lisilo na mikono. Katika koti hilo huonekana safu za vichwa vya ribiti zinazoshika mabamba yaliyofichwa ndani. Sanamu hii ni miongoni mwa mashahidi wa kwanza kabisa wa koti la namna hiyo katika Ulaya. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1361, watu wengi waliuawa karibu na mji wa Visby, katika kisiwa cha Gotland, wakazikwa na mavazi yao. Makaburi yao yalipofukuliwa katika karne ya 20, makoti zaidi ya 20 ya mabamba yalionekana. Hivyo jiwe la Magdeburg na udongo wa Gotland viliafikiana: koti lile halikuwa ndoto ya mchongaji.

Hata hivyo picha nayo hutaka kuhojiwa. Mwaka 1498 Albrecht Dürer wa Nuremberg alimchora kwa rangi askari juu ya farasi, akaandika juu yake kwamba hayo ndiyo mavazi ya vita ya Ujerumani ya wakati ule. Ushahidi gani ulio bora kuliko huo? Lakini mwaka 1513 alipochora picha yake mashuhuri ya shujaa akipita baina ya Mauti na Shetani, aliutumia mchoro ule ule wa miaka 15 nyuma. Atakayeishika picha ya 1513 na kusema, hivi ndivyo walivyovaa mwaka huo, atakuwa amekosea, ingawa mchoraji wake alikuwa mtu wa zama zile zile. Haitoshi kujua picha ilifanywa lini. Yafaa kujua mchoraji alitazama nini.

Shahidi wa tatu ni maandishi: hesabu za matumizi, wasia, na kanuni za mafundi. Hayo hutuambia mambo ambayo chuma hakisemi, kama bei ya kitu, nani alilipa, na nani aliruhusiwa kukifua. Mjini Nuremberg kazi ya wahunzi wa deraya ilikaguliwa, na iliyokubaliwa ilipigwa muhuri wa mji. Muhuri huo mdogo hata leo humwambia mtazamaji kitu kilitoka wapi. Lakini maandishi hutaja jina la kitu bila kukichora, na jina laweza kubaki hali kitu kimegeuka. Kwa hiyo maneno hayana budi kulinganishwa na sanamu, na sanamu na chuma.

Mashahidi watatu wakipatana, ndipo fundi wa leo hushika nyundo. Hapo huja jaribu la mwisho, nalo ni uvivu. Pete za deraya za kale za Ulaya kwa kawaida zilifungwa kila moja kwa ribiti ndogo. Pete zinazokunjwa tu ncha zikagusana ni rahisi kufanya, lakini hufunguka zikipigwa. Kwa mbali hapana aonaye tofauti. Lakini aliyezifunga pete moja moja kwa mkono wake huelewa, kuliko msomaji wa vitabu vingi, kwa nini nguo ile ilikuwa mali ya kurithishwa, na kazi ya mhunzi ilistahili heshima gani.

Mtasema, yatuhusu nini sisi haya? Mwaka 1505, merikebu za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilipozishambulia Kilwa na Mombasa, walikuwamo Wajerumani. Wawili kati yao, Hans Mayr na Balthasar Sprenger, wameacha maandishi ya safari ile. Siku tutakapotaka kuigiza habari hiyo mbele ya watoto wetu, tutawavisha nini wale wageni? Na lililo zito zaidi, tutawavisha nini watu wa Kilwa na Mombasa? Tukimvisha mgeni kwa uangalifu, na babu zetu tukawavisha kwa kubahatisha, tutakuwa tumewanyima haki mara ya pili. Maswali ni yale yale: mwaka gani, mji gani, mashahidi ni nani, na je, wanapatana?

Maneno ya kitabu husahauliwa upesi, lakini lile ambalo jicho limeliona barabarani, lenye rangi na ngoma na farasi, hukaa moyoni maisha yote. Kwa hiyo avaaye mavazi ya wafu amechukua dhamana. Nao hawawezi kuinuka kumsahihisha. Hilo ni juu yetu tulio hai.