Dawa na mionzi: ipi itangulie?

Wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo, ingawa swali lenyewe mtalitambua. Ukiwa na kazi mbili, uzipange zifuatane au ziende pamoja?

Hapa Cheptais, chini ya Mlima Elgon, Kampala iko karibu kuliko Nairobi, kwa hiyo naanzia Mulago. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt alichapisha habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto wa Uganda. Kwingineko wangejaribu mionzi, lakini Kampala haikuwa na mashine. Akabaki na dawa: methotrekseti, kisha siklofosfamaidi. Kuna watoto ambao uvimbe wao uliyeyuka kwa dozi chache tu, na baadhi walipona kabisa. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kikafunguliwa palepale Mulago.

Saratani ya mapafu haikuwa laini hivyo. Ikishaenea kifuani hadi haiwezi kupasuliwa, dawa peke yake haikufua dafu, na mionzi peke yake iliwabakiza hai wachache mno. Ndipo madaktari wakaanza kuviunganisha.

Dawa waliyoitegemea ni sisplatini, na asili yake inachekesha. Barnett Rosenberg, kule Michigan, alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa vyuma vya platinamu. Mwaka 1965 aliripoti kwamba bakteria waliacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu kama tambi. Kumbe si umeme! Ni platinamu iliyokuwa imeyeyuka majini.

Mwaka 1990 Wamarekani walitoa matokeo ya wagonjwa 155. Kundi moja lilipata mionzi tu, jingine lilianza na sisplatini na dawa nyingine, halafu mionzi. Muda wa kati wa kuishi ulipanda kutoka miezi 9.7 hadi 13.8. Huo ni mfuatano.

Mwaka 1992 yakaja ya Ulaya, wagonjwa 331 katika makundi matatu: mionzi tu, mionzi na sisplatini kila wiki, mionzi na sisplatini kidogo kila siku. Baada ya miaka mitatu waliokuwa hai ni asilimia 2, 13 na 16. Namba ndogo, najua, lakini linganisha 2 na 16. Tena dawa haikuzuia saratani kuhamia sehemu nyingine za mwili. Faida ilionekana kifuani, pale mionzi ilipopiga. Mionzi hukata DNA, seli huita mafundi wa kuunga, na sisplatini huwafungia mafundi mlango. Ndiyo maana saa ni muhimu: dawa iwe mwilini mionzi inapofika.

Wajapani wakapima swali lenyewe, na mwaka 1999 wakaleta jibu: vikienda pamoja miezi 16.5, vikifuatana 13.3. Gharama yake ni mwili kuchoka zaidi.

Sasa hesabu ya huku kwetu. Ratiba ya kawaida ni siku tano kwa wiki, wiki sita hivi, yaani safari 30 za kwenda kwenye mashine. Sisplatini unaweza kuipakia kwenye basi hadi Bungoma au Kitale. Mashine ya mionzi inataka chumba chenye kuta nene za zege, mafundi na umeme usiokatika. Kwa miaka mingi hospitali ya umma Kenya yenye mashine hiyo ilikuwa moja tu, Kenyatta. Mgonjwa wa Cheptais alihitaji kwanza ndugu wa kumlaza Nairobi mwezi mmoja na nusu.

Mulago nayo ilipata mashine ya kobalti mwaka 1995, ya pekee Uganda nzima. Iliharibika mwaka 2016, na mpya ilizinduliwa mwanzoni mwa 2018. Katikati hapo dawa zilikuwepo, mionzi haikuwepo, na wagonjwa wa Uganda wakavuka mpaka kuifuata Nairobi.