Utando, Nuru na Jina Lisilopotosha

Mfugaji wa Bashay, mkoani Manyara, akichemsha maziwa na kuyaacha yapoe, huona juu yake ngozi nyembamba. Kiswahili kimekwisha kuiita utando. Neno hilo lawafaa pia wanafizikia, kwani historia ya taaluma hiyo nayo ilianzia katika mambo ya kawaida. Mwaka 1774 Benjamin Franklin alieleza jinsi kijiko kimoja cha mafuta kilivyotuliza sehemu kubwa ya bwawa la Clapham, London. Mwaka 1891 jarida la Nature lilichapisha barua ya Agnes Pockels, Mjerumani aliyekuwa akipima tando juu ya maji nyumbani kwake.

Lakini utando wa kikaboni wa tabaka moja la molekuli una unene wa nanomita 2 au 3 tu. Utapimwaje? Njia moja ilipatikana mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya kuundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, kwa kazi za Otto, na za Kretschmann na Raether, huko Ujerumani. Kwa njia ya Kretschmann, nuru huelekezwa ndani ya mche wa kioo uliopakwa dhahabu au fedha yenye unene wa nanomita 50 hivi. Katika pembe moja maalumu nuru haiakisiwi, kwa sababu nishati yake huchukuliwa na wimbi la elektroni lisafirilo juu ya metali. Utando ukiongezwa, pembe hiyo husogea, na kutokana na msogeo huo unene wake hukadiriwa. Dhahabu ikimulikwa kwa miali ya infraredi iliyo karibu na nyekundu, upeo wa pembe ambamo nuru hupotea huwa mwembamba zaidi, na mahali pake husomeka kwa usahihi.

Je, tukio hili tuliite nini? Mtu aweza kupendekeza "mwangwi", kwa kuwa mawimbi mawili huafikiana. Lakini mwangwi ni sauti irudiyo, na hapa nuru ndiyo isiyorudi. Jina hilo lingemfundisha mwanafunzi kinyume cha akionacho. Kwa hiyo twapendekeza "resonansi ya plasmoni za uso wa metali". Tukope pale neno letu linapopotosha; utando, ambao haupotoshi, tuuache ulivyo. Walimu wa fizikia waombwa watuletee maoni yao.