Jembe Kutoka Ng'ambo ya Ghuba

Ukitoka Butimba, Mwanza, ukashika barabara ya Usagara na kuteremkia Kigongo, unaifuata njia ya majembe kinyumenyume. Majembe yalikuja huku Usukuma. Yalikotengenezwa ni ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, Buzinza na misitu ya Geita, kwa wahunzi walioitwa Warongo. Zamani ilibidi kungoja kivuko. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 hivi, na Busisi unafika kabla soda haijaisha.

Kilichonitoa nyumbani ni sarafu ya mbali sana. Populonia, mji wa Waetruski kwenye pwani ya Italia, uliyeyusha mawe ya chuma yaliyovushwa kwa mashua kutoka kisiwa cha Elba. Katika karne ya 3 KK ulitoa sarafu za shaba nyeusi: upande mmoja kichwa cha Sethlans, mungu wa wahunzi, upande wa pili nyundo na koleo. Nasi tulikuwa na wahunzi, maji na mitumbwi. Pesa yetu ilibeba nini?

Ilikuwa jembe lenyewe. Lilitolewa mahari, likabadilishwa kwa mifugo na nafaka. Kule Kilwa masultani waliandika kwenye sarafu zao za shaba majina yao, yakipangwa vina na maneno ya kumtegemea Mungu. Jembe la Mrongo halikuwa na sura wala herufi.

Ibada yake ilifanyika mapema, msituni. Katika miaka ya 1970 na 1980 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwaomba wazee wa Kirongo wayeyushe chuma tena kama walivyozoea, na baadaye akaandika juu ya kazi hiyo pamoja na mwanaakiolojia mwenzake, Bertram Mapunda. Chini ya tanuru lilichimbwa shimo dogo, likatiwa dawa. Tanuru lilihesabiwa mwili wa mama, na chuma ndicho mtoto. Kwa hiyo wahunzi waliishi kambini na kulala na wake zao kulikuwa mwiko. Mivukuto ikianza, ni jasho na nyimbo.

Mpokea mahari hakuiona dawa hiyo, wala haikumhusu. Naona hapo ndipo Warongo walipowazidi watu wa Populonia: mungu aliyechorwa kwenye sarafu kila mtu humwona sokoni, lakini siri ya shimoni ilibaki na fundi.

Kisha Wajerumani wakaleta kodi ya kibanda, 1898, pamoja na rupia yenye sura ya Kaiser Wilhelm II, kofia yake ina tai juu. Majembe ya viwanda vya Ulaya yakafuata, na matanuru yakazimika.

Kule Populonia, rundo kubwa la mavi ya chuma lilichimbwa upya karne ya 20, maana bado lilikuwa na chuma. Chini yake yakatokea makaburi ya Waetruski. Geita watu wanachimba dhahabu, na mavi ya chuma hayana wa kuyauliza bei.