Unaweza Kuingiza Farasi Wako Kwenye Mbio? Historia Inaanzia Bagamoyo

Kila zikisambaa zile klipu za mbio za farasi za Dubai, mastaa na matajiri wamependeza hadi kero, swali linakuwa lile lile: hivi mtu wa kawaida, ana farasi wake mmoja kamnunua kwa hela yake, anaweza kumpeleka akashindane?

Jibu fupi: anaweza, ila kumiliki farasi peke yake hakutoshi. Jibu refu linaanzia hapa hapa kwetu, Bagamoyo.

Machi 21, 1871, mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, alitoka Bagamoyo na msafara kwenda kumtafuta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili. Mmoja alipewa zawadi na Sultani Barghash wa Zanzibar, mwingine na mfanyabiashara Mmarekani. Alishaonywa kwamba farasi hawatoboi huko bara. Na kweli hawakutoboa. Kufika Kingaru, siku chache tu kutoka Bagamoyo, farasi wa sultani akafa. Alipopasuliwa, tumbo lilikutwa limejaa minyoo. Haikuisha hata siku nzima, wa pili naye akafuata.

Sasa cheki vituko. Mkubwa wa kijiji akadai faini ya doti mbili za kitambaa, kwa sababu farasi kazikwa kwenye ardhi yake bila ruhusa. Stanley akamjibu poa, basi askari wangu watamfukua tumwache hapo juu. Jamaa akaghairi fasta.

Ukicheka, kumbuka kitu kimoja: huyo alikuwa mzungu mwenye hela za gazeti kubwa, na farasi kapewa na sultani. Kama yeye alishindwa kumweka farasi hai hata mwezi mmoja wa safari, mkulima wa Ukwere angeweza wapi?

Tatizo la pwani yetu halikuwa kukosa watu wanaojua wanyama. Ni magonjwa. Mbung'o anaeneza nagana, na yupo mpaka leo. Aliyewahi kwenda Hifadhi ya Saadani akaumwa na yule mdudu hahitaji kuelezwa. Halafu kuna ugonjwa mwingine wa farasi, wa virusi, unaoenezwa na visubi. Huo ukimpata farasi, mara nyingi ndiyo basi tena. Siku hizi kuna chanjo na dawa, ndiyo maana polisi wetu wana kikosi cha mbwa na farasi pale Dar. Zamani hakukuwa na hayo.

Kwa hiyo farasi akabaki mnyama wa ikulu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alichapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886. Anaeleza kwamba watoto wa jumba la Mtoni, Zanzibar, walifundishwa kupanda wanyama tangu wana miaka mitano. Wavulana walipewa farasi. Wasichana walipewa punda weupe wakubwa kutoka Muscat, na bei ya hao punda mara nyingi ilizidi ya farasi wa kawaida. Yaani hata punda kulikuwa na wa kishua.

Mbio rasmi zilikuja kushika mizizi Nairobi, kule kwenye baridi, mwanzoni mwa karne ya 20. Wamiliki walikuwa walowezi. Mwafrika alikuwa saisi: anamlisha farasi, anampiga brashi, anamtembeza, halafu kombe anainua mwingine. Mwaka 1954 mbio zikahamia uwanja wa Ngong, na ndipo zilipo hadi leo chini ya Jockey Club of Kenya.

Leo hakuna sheria inayosema wewe wa kawaida usiingie. Lakini kwenye mbio rasmi, popote pale duniani, utaratibu unafanana. Kwanza, farasi awe wa damu ya mbio, baba na mama wameandikwa kwenye daftari la ukoo. Waingereza walianza kuchapisha daftari hilo mwaka 1791, kwa hiyo farasi anaweza kuwajua mababu zake kuliko wewe unavyowajua wa kwako. Pili, wewe mwenyewe usajiliwe kama mmiliki, pamoja na rangi za jezi atakazovaa mpandaji wako. Tatu, farasi akae kwa mkufunzi mwenye leseni na apandwe na mtu mwenye leseni. Ukitaka kumfundisha mwenyewe, leseni unaitafuta wewe.

Baada ya karatasi zinakuja bili. Farasi anakula kila siku, ashindane asishindane. Kuna mkufunzi, daktari, viatu vya chuma. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Lakini kuna waliopenya. Kijijini Wales, mhudumu mmoja wa baa alinunua farasi jike wa bei chee, akamzalisha, akashawishi majirani wachange pauni 10 kila wiki kumtunza mtoto. Huyo mtoto akaitwa Dream Alliance. Alikulia kwenye kipande cha bustani, akapelekwa kwa mkufunzi mwenye leseni, na Desemba 2009 akashinda Welsh National, mbio kubwa kabisa ya kule kwao. Hawakuvunja utaratibu hata mmoja. Walifanya tu kile mama zetu wanachokiita kikoba.

Na kama hata kikoba hamna, nenda Lamu. Kwenye sikukuu zao vijana wanashindanisha punda kando ya bahari, mji mzima umejaa ufukweni unapiga kelele. Hakuna anayeuliza bibi yake punda alikuwa nani. Mnyama ni yule yule aliyebeba mchanga na mawe jana, na anayempanda ni kijana anayefanya naye kazi kila siku. Tangu 1987 kuna hata kituo cha kutibu punda pale mjini.

Mimi naona hapo ndipo penye somo. Ngong mlango uko wazi, ila una ngazi ndefu za karatasi na hela. Lamu mlango ni kazi unayoifanya tayari. Pwani yetu haikukosa wapenda mbio, ilinyimwa farasi na mdudu, ikakimbiza ilichonacho.

Haya wadau: mkipatikana 20 wa kuchanga, mnanunua robo ya farasi Nairobi, au mnaanzisha mbio za punda ufukweni Bagamoyo?