Uto wa Simsim na Maungo ya Wakata Boriti

Katika zama ambazo majahazi ya Ghuba yaliteremka na kaskazi kuja kupakia boriti Lamu, biashara kongwe iliyoendelea hadi serikali ya Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982, wakata mikoko, waliokuwa wakishinda matopeni shoka mkononi, wakiinama na kujinyoosha, walirejea maskani maungo yamewakaza. Dawa yao, nayo ni ya kuhifadhiwa, ilikuwa kuchuliwa kwa uto wa simsim uliopashwa moto kidogo, viganja vikipanda taratibu kutoka kisigino hadi pajani. Haukuponya nyuzi za misuli zilizochanika, lakini ulituliza maumivu, ambayo aghalabu huzidi siku ya pili, kisha hupungua yenyewe.