Mate, Fizi na Jino Bovu

Kwa maelfu ya miaka lawama za jino bovu zilimwangukia mdudu. Kibao cha udongo cha Babeli kinasimulia jinsi mdudu huyo alivyolikataa tini alilopewa na miungu, akaomba makao katikati ya jino na ufizi. Pierre Fauchard, tabibu wa meno wa Ufaransa, alilichungulia jino lililooza kwa hadubini asimwone, akaandika hivyo katika kitabu chake cha 1728. Imani haikufa, hata leo Afrika Mashariki jino lililotoboka husemwa limeliwa na wadudu, na kwa anayewafikiria bakteria, kauli hiyo haiko mbali na ukweli.

Aliyeonyesha njia ni Mmarekani Willoughby Miller, aliyefanya kazi Berlin. Aliloweka meno yaliyong'olewa katika mate yaliyochanganywa na mkate, akayaweka kwenye joto la mwili. Baada ya muda meno yalilainika. Alipotumia nyama badala ya mkate, hayakulainika. Alipoyachemsha mate kwanza, tindikali haikutokea. Kitabu chake cha 1890 kikaeleza kwamba vijidudu vya kinywani hugeuza wanga na sukari kuwa tindikali, nayo hulila jino.

Hivyo mate yakaonekana kama mshirika wa uharibifu, kwa kuwa ndiyo yaliyobeba vijidudu. Sura hiyo ilikuwa nusu tu. Katika miaka ya 1940 Robert Stephan alipima tindikali kwenye ukoga wa meno baada ya watu kusukutua maji ya sukari: ilipanda ndani ya dakika chache, kisha ikashuka taratibu kwa takriban nusu saa au zaidi. Kazi ya kuishusha hufanywa kwa sehemu kubwa na mate, ambayo huizimua tindikali na kulirudishia jino kalisi na fosfeti.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka kwa wagonjwa wasio na mate. Mwaka 1933 Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi, alieleza habari za wanawake 19 wenye macho makavu, wengi wao wakiwa pia na kinywa kikavu. Baadaye ilifahamika kwamba kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na za mate, zikapata uvimbe na kudhoofika. Wagonjwa wa namna hiyo huoza meno upesi, hata ya mbele ya chini, ambayo kwa wengine ndiyo huoza kwa nadra kuliko yote.

Lakini mate hayatoshi kuulinda ufizi. Mwaka 1965 Harald Løe na wenzake, huko Aarhus, Denmark, waliwaachisha watu 12 kupiga mswaki. Ndani ya siku 10 hadi 21 fizi za wote zilivimba. Mswaki uliporudi, zikapona. Na madini yale yale ya mate yanayotibu jino huugandisha ukoga ulioachwa ukawa mgumu kama jiwe, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini, karibu na matundu yanapotokea mate.